Kabla Hujatua Maskati

Haroub, haya yaandike kiganjani ikibidi,
maana karatasi wewe huzipoteza,
na simu yako itakuwa imezimika, kama kawaida yako.

Kwanza, joto.
Usiniambie umezaliwa Wete, jua unalijua.
Hili hulijui.
Hili ni mdai aliyeketi kizingitini.
Saa sita mpaka alasiri Ibra yote imelala,
maduka yameshusha milango ya chuma,
paka wamejibana chini ya magari.
Usiende kugonga kwa watu. Lala nawe.
Mji utaamka jua likipoa,
na saa tano usiku utakuta watoto wanapiga mpira.

Teksi: patana kabla hujaketi.
Ukishafunga mkanda umeshauza ulimi.
Pesa zitazame vizuri, baisa elfu ndiyo riali.
Mimi mwaka wa kwanza nilitoa noti ya tano
nikidhani ni ya nusu.
Dereva alinifuata mpaka ndani ya duka la vitambaa,
akanirudishia mbele za watu, kisha akanigombeza.

Salamu zao ndefu kuliko zetu, ndiyo, zipo.
Ataulizwa mtu: kuna habari?
Atajibu: hakuna habari.
Kuna jipya? Hakuna jipya.
Halafu watakaa saa nzima wakipeana habari.
Nawe usianze na shida yako.

Tende kwanza, kahawa baadaye, mkono wa kulia.
Ukitosheka, itikise finjani, hivi, kidogo tu.
Usipoitikisa, anamimina.
Mimi hakuna aliyeniambia.
Siku ya kwanza kwa wakwe nilikunywa finjani kumi na moja,
mimi nasema ahsante, yeye anamimina,
adabu yangu inapigana mieleka na adabu yake.
Usiku ule nilihesabu boriti za dari.
Ishirini na nane.

Usisifu kitu cha mtu.
Ukiisifu saa yake ataivua akupe,
na ukiikataa umemvunjia heshima,
ukiichukua utaona haya kila ukitazama saa ngapi.
Sema mashallah, utazame pembeni.

Kwenye sinia kula upande wako.
Mapande ya nyama yatasukumwa mbele yako;
usiyarudishe.

Jumatano asubuhi nitakwenda soko la wanawake.
Wewe utanisubiri garini.
Hata kuchungulia, Haroub.

Na Kiswahili utakisikia. Usishtuke.
Muuza mapazia atakunasa ukiongea na mama yako simuni,
atakurukia: wa wapi wewe?
Kiswahili chake kina mikunjo,
kama kanzu iliyokaa sandukuni miaka sitini.
Atakuuliza kama mkarafuu nyuma ya nyumba yao ungalipo,
ule uliopinda, karibu na kisima.
Nyumba huijui. Kisima hukijui.
Usimwambie upo. Usimwambie umekatwa.
Muulize ulipindaje.
Atakuonyesha kwa mkono,
na wateja watasubiri.

Zawadi usilete. Kila kitu kipo,
muhogo upo, ndizi mbichi zipo, nazi zinatoka India.
Ila kama begi litabaki na upenyo,
mfuko mdogo wa makonyo.
Usiyapepete, acha vumbi lake.
Forodhani wakiuliza, sema viungo.
Wakiuliza vya kupikia nini,
sema shangazi yako Thuwaiba ndiye anayejua.

Na ile habari ya finjani
ni ya nyumba za watu.
Kwangu usiitikise.
Acha nimimine.

Plagi zao pini tatu, kama zetu, chaja itaingia.
Lakini ichaji kwanza huko.